MAZUKU: KWA NINI HATARI HAIISHI MTU AKIISHA KUTOLEWA SHIMONI



Sisi wa Keshero tunajua neno mazuku mbele ya kujua kusoma. Ukiwa mdogo, mama anakuambia: "Usiende kucheza mu ile shimo, iko mazuku!" Ukiuliza mazuku ni kitu gani, unajibiwa kwamba ni pepo mbaya, basi. Kisha unakua, unaingia sekondari, mwalimu wa kemia anaandika CO2 ubaoni, nawe unafikiri habari imekwisha: gazi nzito, oksijeni hakuna, mtu anakufa. Mimi pia nilifikiri vile. Lakini mwaka jana jambo lilitokea kwetu nyumbani, nikaona kwamba nilijua nusu tu. Nusu ya pili ndiyo ninayotaka kuwaeleza leo, maana inaweza kuokoa mtu.

HABARI YA MDOGO WANGU

Ilikuwa asubuhi na mapema, wakati wa kiangazi, upepo hakuna hata kidogo. Mbuzi wetu alikuwa amekata kamba usiku. Mdogo wangu, mtoto wa miaka 10, akatumwa kumtafuta. Alimwona amelala katika bonde dogo kati ya mawe ya volkano, akashuka, akainama ili ashike kamba. Hakuinuka tena.

Mama mmoja jirani alikuwa anakwenda shambani, akaona yote. Akapiga kelele. Vijana wawili wakaja mbio, na mmoja akataka kuruka ndani. Yule mama akamshika shati kwa nguvu: "Acha! Weye pia utalala pale pale!" Kwa bahati nzuri mtoto alikuwa ameanguka kichwa chini, miguu ikielekea juu. Wakaleta mti mrefu wenye ncha iliyopindika, ule wa kuangushia avoka, wakamshika nao kwenye mkaba wa suruali na kumvuta. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya buluu, lakini alikuwa anapumua kidogo. Baada ya dakika chache akafungua macho. Watu wote wakapiga makofi. Mbuzi alikuwa amekwisha kufa.

Tulimpeleka nyumbani, akapewa maziwa, tukamshukuru Mungu, kila mtu akarudi kwa kazi yake. Tulifikiri mambo yamekwisha. Lakini alasiri kichwa kikaanza kumuuma sana. Akatapika. Akatembea kama mlevi, na mimi mwenyewe akaniita kwa jina la mtu mwingine. Tukamweka kwenye moto, mbio mpaka kituo cha afya. Wakampa oksijeni na kumlaza siku tatu. Mwuguzi akatuambia: "Mulichelewa. Hatari haiishi saa mutoto anatoka mu shimo." Nikamwuliza namna gani, maana tangu asubuhi alikuwa anapumua hewa safi? Akacheka akasema: "Si weye uko darasa ya sita, biolojia na kemia? Kutafuta, ni kazi yako."

Basi nilitafuta. Mwalimu wetu wa biolojia alinisaidia, vitabu pia, na telefoni ya kaka yangu. Haya ndiyo niliyopata.

MAZUKU NI NINI KWA KWELI

Chini ya miguu yetu, mbali sana, kuna mawe yaliyoyeyuka ya Nyiragongo na Nyamulagira. Mawe hayo hutoa dioksidi ya kaboni, nayo hupanda kidogo kidogo kwa njia ya nyufa za ardhi. Hutokea hasa upande huu wetu wa magharibi ya mji, karibu na ziwa: Keshero, Ziwa la Kijani, Bulengo, mpaka njia ya Sake.

Gazi hii haina rangi. Ni nzito kupita hewa, karibu mara moja na nusu. Kwa hiyo inafanya kama maji: inashuka, inajaza mashimo, inalala pale. Mchana jua na upepo huitawanya. Usiku na asubuhi, wakati hewa imetulia, inarundikana. Njo maana mtu anaweza kupita mahali saa sita bila shida, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi mbuzi akafia pale pale. Tena ndiyo sababu mbuzi na watoto hufa wa kwanza. Mtu mkubwa aliyesimama ana kichwa juu ya gazi. Mtoto aliyeinama ana kichwa ndani yake.

Katika hewa ya kawaida dioksidi ya kaboni ni asilimia 0.04 hivi, na oksijeni ni asilimia 21. Dioksidi ya kaboni ikipita asilimia 10, mtu anaweza kuzimia kwa muda mfupi sana. Ikifika asilimia 30, pumzi chache zinatosha. Inafanya mabaya mawili kwa pamoja: yenyewe inatia damu ukali wa asidi na kulevya ubongo, halafu inafukuza oksijeni. Katika Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, gazi ya namna hii ilitoka katika Ziwa Nyos, ikashuka mabondeni na kuua watu 1,700 hivi pamoja na maelfu ya ng'ombe. Wengine walizimia, wakaamka baada ya saa nyingi wakiwa kati ya maiti za jamaa zao.

UBONGO UKIKOSA OKSIJENI

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Tena hauna ghala ya kuiweka akiba. Ukikatiwa oksijeni kabisa, seli zake huanza kuharibika baada ya dakika nne au tano hivi.

Kila seli ina mashine ndogo ziitwazo mitokondria. Ndizo zinazochoma sukari kwa oksijeni na kutoa nguvu. Nguvu hiyo inaendesha pampu ambazo kila saa zinatupa sodiumu na kalsiumu nje ya seli. Oksijeni ikikosekana, pampu zinasimama. Sodiumu inaingia. Seli za neva zinamwaga kitu kinachoitwa glutamati, ambacho kazi yake ya kila siku ni kupeleka habari kutoka seli moja mpaka nyingine. Sasa inamwagwa bila kipimo, nayo inafungua milango ya seli za jirani, na kalsiumu inaingia kwa wingi.

Mpaka hapa ni habari ya njaa tu. Lakini kalsiumu hiyo inaamsha kitu kingine, na hapa ndipo nilipokutana na gazi ya pili, ile ambayo sikuitazamia.

GAZI NDOGO INAYOITWA NO

Monoksidi ya azoti, ambayo wengine huiita oksidi ya nitriki, ni azoti moja na oksijeni moja: NO. Msiichanganye na dioksidi ya kaboni ya mazuku, wala na monoksidi ya kaboni ya makala. Hii haitoki mu ardhi. Mwili wetu wenyewe unaitengeneza, kila dakika, hata sasa unaposoma karatasi hii. Inatengenezwa na enzimu maalum kutoka arjinini, ambayo tunaipata katika karanga, maharagwe na nyama, pamoja na oksijeni.

Zamani watu waliijua kama uchafu wa moshi tu. Mwaka wa 1980 Robert Furchgott wa Marekani alionyesha kwamba ngozi nyembamba iliyo ndani ya mishipa ya damu inatoa kitu kinachoambia mshipa ulegee na kufunguka. Kitu gani? Hakuna aliyejua. Mwaka wa 1987 ikathibitishwa kwamba ni NO. Watu wakashangaa: gazi inayoishi sekunde chache ndiyo inayotuma habari mwilini! Mwaka wa 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa zawadi ya Nobel. Na cha ajabu, Alfred Nobel, aliyetengeneza dinamiti kwa nitrogliserini, mwishoni mwa maisha yake aliugua moyo, na waganga wakamwandikia nitrogliserini ile ile kama dawa. Leo tunajua sababu: nitrogliserini inatoa NO mwilini, na mishipa inafunguka.

Kwa hiyo NO ni rafiki. Inafungua mishipa, inazuia damu isigande ovyo, inasaidia seli za neva kusemezana, na seli za ulinzi zinaitumia kuua mikrobi. Hata oksijeni ikipungua, mwili unaweza kupata NO kidogo kutoka nitriti iliyo katika damu, ili mishipa ifunguke na damu ifike penye njaa. Mwaka wa 1999 Marekani ilikubali NO ya kupumua itumiwe kama dawa kwa watoto wachanga ambao mishipa ya mapafu yao imekataa kufunguka.

RAFIKI ANAPOGEUKA

Basi kwa nini tunasema inaumiza? Turudi kwa mdogo wangu.

Kalsiumu iliyojaa ndani ya seli za neva inaamsha ile enzimu ya kutengeneza NO. Lakini enzimu inahitaji oksijeni, na oksijeni hakuna. Iko tayari, inangoja. Mitokondria nazo zimejaa elektroni ambazo hazikupata pa kwenda. Sasa mtoto anavutwa juu, anapumua, oksijeni inarudi kwa kishindo. Mnajua hapa Goma namna umeme unavyokatika, kisha unarudi kwa nguvu na kuunguza televizyo? Giza halikuiunguza televizyo. Imeungua umeme uliporudi. Katika seli ni vile vile. Elektroni zilizorundikana zinarukia oksijeni, na inazaliwa superoksidi, yaani oksijeni yenye elektroni moja ya ziada, kitu kikali. Wakati huo huo ile enzimu inapata oksijeni yake na kumwaga NO.

NO na superoksidi zikikutana zinaungana upesi sana, mbele ya walinzi wa seli kufika, na kuzaa peroksinitriti. Hii ni kali kupita wazazi wake wote wawili. Inatoboa mafuta ya ngozi ya seli, inaharibu protini, inakata ADN. Tena NO ikiwa nyingi inakaa ndani ya mitokondria mahali pale pale ambapo oksijeni ingepaswa kukaa. Oksijeni imefika mlangoni, lakini kiti kimekaliwa! Seli inaendelea kukosa nguvu katikati ya hewa safi.

Halafu kuna zamu ya pili. Baada ya masaa mengi, seli za ulinzi zinakuja penye jeraha. Zenyewe zina enzimu ya namna nyingine, ambayo haingoji kalsiumu, nayo inatoa NO nyingi kwa muda mrefu, hata siku kadhaa. Ubongo unavimba. Kichwa kinauma, mtu anatapika, anasahau majina. Nilipofika hapa nilimkumbuka yule mwuguzi. Mtoto alitoka shimoni saa moja asubuhi, lakini ndani ya kichwa chake kazi ya kuharibu ilikuwa inaendelea.

Hata hivyo msifahamu vibaya. Sisemi kwamba hewa ni mbaya kwa mtu aliyezimia. Asipopata hewa atakufa kwa dakika chache, hilo halina mjadala. Ninasema kwamba kupata hewa ni mwanzo wa kupona, si mwisho wake.

JE, HATUWEZI KUIZUIA NO?

Mwanafunzi mmoja aliniuliza hivi tulipojadiliana. Wataalamu pia walijiuliza. Mwaka wa 1994, huko Boston, walichukua panya waliozaliwa bila enzimu ya NO ya seli za neva, wakaziba mshipa wa ubongo. Panya hao waliumia kidogo kuliko wengine. Vizuri. Mwaka wa 1996 wakachukua panya waliokosa enzimu ya NO ya mishipa ya damu. Hawa waliumia zaidi! Maana yake NO ya mishipa ilikuwa inawalinda, na ile ya neva ilikuwa inawaumiza. Gazi ni moja, lakini mahali, wakati na kipimo vinageuza kazi yake.

Njo maana kuifunga yote ni hatari. Mwaka wa 2004 yalitangazwa matokeo ya dawa moja ya kuzuia NO, iliyojaribiwa kwa wagonjwa ambao mishipa yao ililegea kwa sababu ya mikrobi katika damu. Jaribio lilisimamishwa mbele ya wakati, kwa kuwa waliopewa dawa walikufa wengi zaidi. Basi dawa yetu ya kwanza hapa Keshero inabaki kuwa ile ya zamani: mtu asikae muda mrefu bila oksijeni, na akiisha kuitoka hatari, aangaliwe.

MAMBO YA KUSHIKA

Kama mkuu wa wanafunzi ninajua wengi wetu tunakata njia kati ya mawe asubuhi ili tusichelewe mstari. Tena wadogo zetu wanatumwa na bidoni mpaka ziwani mbele ya jua kupanda. Kwa hiyo naomba tushike haya:

1) Usishuke shimoni asubuhi mapema, jioni wala usiku, hasa siku isiyo na upepo. Ukiona ndege, panya au nyoka amekufa mahali bila jeraha, rudi. Penye kibao cha hatari, usikiondoe wala usikidharau.

2) Usijipime na moto. Kiberiti kikizimika, uko hatarini tayari. Kikiendelea kuwaka, si hakika kwamba pako salama.

3) Ukiona mtu ameanguka, usiruke ndani. Huwezi kushinda mazuku kwa kuzuia pumzi, maana kumbeba mtu kunahitaji pumzi. Ita watu. Mvute kwa mti au kamba ukiwa umesimama juu. Usiiname, usilale tumboni.

4) Akiisha kutoka, mpeleke mahali pa juu penye upepo. Kama hapumui, anayejua ampulizie pumzi na kumkandamiza kifua, bila kungoja. Kama anapumua lakini hana fahamu, mlaze kwa ubavu. Usimpe maziwa, wala maji, wala kitu kingine mdomoni; kinaweza kuingia mapafuni. Sisi tulikosea hapo.

5) Hata kama ameamka na anacheka, mpeleke kituo cha afya siku ile ile. Mweleze mwuguzi alilala shimoni muda gani. Usiku ule asilale peke yake. Akitapika, akisahau majina, akitembea vibaya, usingoje kesho.

6) Mbabula ya makala usiilaze ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama baridi ni kali. Ile ni monoksidi ya kaboni, gazi nyingine, nayo inanyima damu oksijeni kwa njia yake. Na hapo pia mtu akitolewa nje, maneno ya namba 5 yanamhusu.

Mdogo wangu amepona. Kwa majuma mawili alikuwa anasahau, unamtuma chumvi analeta sabuni, na watoto walimcheka. Leo anasoma vizuri, na mimi ndimi ninayempima hesabu kila jioni. Lakini kila nikimwona ninafikiri zile saa tulizompa maziwa na kupiga makofi, tukisema amepona, kwa kuwa macho yake yalikuwa wazi.

Yule mama jirani hakusoma kemia. Hata hivyo alijua kumshika kijana shati, na kwa hiyo siku ile hatukuzika watu wawili. Sisi tunaosoma tumeongezewa nusu ya pili. Basi tuipeleke nyumbani, tuwaambie wazazi na wadogo zetu, leo jioni mbele ya kula.



Mkuu wa wanafunzi,
Darasa la sita, Biolojia na Kemia,
Keshero